Mteja Aliyeleta Ngozi

Ngoma ya isukuti haikutengenezwa ikae dukani kungoja mnunuzi. Kwa Waisukha na Waidakho wa Kakamega, mtu aliyetaka ngoma alimwendea mchongaji na neno lake, na mara nyingi aliandamana na ngozi. Ngozi yenyewe ni ya kenge, nyembamba na ngumu, na kenge haanikwi sokoni pamoja na mboga. Lazima awepo mtu anayejua mto upi una kenge na nani wa kumwinda. Kazi hiyo ilikuwa ya mwenye haja. Mchongaji alitoa gogo, shoka, tezo, na sikio lake.

Isukuti huenda tatu tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Hupigwa pamoja zikijibizana, pembe ya swala ikiingia juu yake na njuga za chuma zikishika mwendo. Aliyeagiza hakuagiza ngoma moja. Aliagiza sauti tatu ambazo lazima zisikizane, na mchongaji mzuri alipenda kuzitengeneza kwa mkupuo mmoja, azipige moja baada ya nyingine kabla hajazitoa mkononi. Kuka yangu, yaani babu mzaa mama, alikuwa mpigaji, hakuwahi kuchonga. Alinieleza kwamba siku ya kuwamba, mwenye ngoma hakubaki nyumbani. Alikuja, akaketi, akashika ngozi upande mmoja ikivutwa. Ngoma ikianikwa juani alikuwepo. Ikipigwa mara ya kwanza alikuwepo, na kama sauti ilikuwa butu alisema hapo hapo, ngozi ingali inaweza kukazwa. Hakuna aliyerudi baada ya mwezi kulalamika, kwa sababu alichokipokea alikuwa ameshakisikia kikizaliwa.

Nimekuwa kwenye kazi ya rangi mjini Kakamega tangu mwisho wa miaka ya 1980, na karibu kila nilichochora kiliagizwa na mtu. Vijana wanaotoka vyuoni siku hizi huniambia kwamba sanaa ya kweli ni ile mtu anayojichorea, na kazi ya oda ni ya kutafutia unga. Nawasikiliza kwa heshima, lakini historia ya mahali hapa haiwaungi mkono. Ngoma zetu, vyungu vyetu, picha za makanisani, maandishi ya madukani, hata sanamu kubwa kuliko zote iliyowahi kutoka mkononi mwa mtu wa huku, vyote viliagizwa. Kilichotenganisha kazi njema na mbovu ni kile mteja alichokuja nacho. Wapo walioleta ngozi, na wapo walioleta pesa peke yake.

Wafinyanzi wa Ilesi wanalijua hili kuliko mimi. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kisumu, kabla ya Khayega, utaona vyungu vimepangwa kando ya lami karibu na mwamba uitwao Jiwe Linalolia. Hivyo ni vyungu vya yeyote apitaye. Kulikuwa na vingine ambavyo havikuwahi kufika barabarani: vyungu vikubwa vya pombe, vilivyoagizwa na boma lililokuwa na shughuli mbele yake, harusi au tohara au matanga ya mzee. Chungu cha namna hiyo kinataka udongo mwingi, mikono mizoefu na subira ya kukausha, na moto wa wazi unaweza kukipasua dakika za mwisho kazi yote ikawa vigae. Kwa hiyo mama aliyekiagiza alikuja mapema, alisema kitashika pombe ya watu wangapi, akaleta kuni au chakula cha wafinyanzi, na alijua kwamba hatari ya moto ni yao wote wawili. Ufinyanzi huku ni kazi ya wanawake tangu zamani. Mwenye kuagiza na mwenye kufinyanga walikuwa wanawake waliojuana, wenye kukutana tena kisimani kesho yake. Kati ya watu wa namna hiyo hapakuhitajika karatasi.

Sufuria na mitungi ya plastiki ilipowafikia watu, chungu cha maji kilipoteza kazi, na baadaye hata cha pombe. Ilesi haikufa. Ilipata wateja wengine: hoteli, ofisi, watu wa Nairobi wanaojenga nyumbani na kutaka vyungu vya maua mlangoni. Hawa huonyesha picha kwenye simu, hutaja idadi na hutaja siku. Kazi inatoka safi na pesa zinalipwa. Lakini nikisimama pale na kulinganisha shingo ya chungu cha maua na ya chungu cha zamani cha pombe ya busaa ambacho bado kimo jikoni kwa shangazi yangu, naona kimoja kilifinyangwa na mtu aliyejua nani atakiinamia.

Wamishonari walipofika, mchoraji na mchongaji wa huku walikutana na mteja wa aina mpya, na hapa ipo tofauti ambayo sijaiona ikiandikwa inavyostahili. Marafiki, yaani Waquaker, kutoka Marekani walianzisha kituo chao Kaimosi mwaka 1902. Wakatoliki wa Mill Hill walifika Mumias, kisha Mukumu mwaka 1906. Nyumba ya ibada ya Marafiki haina picha, haina sanamu, haina msalaba wa kupambwa. Kuta ni nyeupe, watu hukaa na kunyamaza au kuimba. Kanisa Katoliki linataka vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba, linataka Bikira Maria, linataka mtakatifu mlinzi juu ya mlango. Kwa hiyo kijana mwenye kipaji cha kuchora aliyezaliwa upande wa Kaimosi alikua bila kuona kazi ya mkono wake ikihitajika kanisani, na mwenzake wa Mukumu aliona picha kila Jumapili. Sisemi kanisa moja ni bora kuliko jingine. Mama yangu ni wa Marafiki, na utulivu wa zile kuta nyeupe umenifundisha kuacha nafasi kwenye bango. Nasema tu kwamba ramani ya wachoraji wa jimbo hili ilichorwa kwa sehemu na madhehebu.

Hata hivyo picha za makanisa ya Kikatoliki kwa miaka mingi zilikuja zimeshachapwa Ulaya, Yesu mwenye nywele za dhahabu ndani ya fremu. Kuagiza kazi kwa mchoraji wa hapa lilikuwa wazo la baadaye, na mfano uliowafungua watu macho ulitoka mbali nasi, Murang'a. Kanisa la Kianglikana la kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau lilimkabidhi kuta zake Elimo Njau, Mtanzania aliyesomea sanaa Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora humo picha tano za maisha ya Kristo, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, zote zikiwa kwenye vilima na migomba ya Murang'a, na watu wake ni Waafrika. Hebu fikiria mteja alivyoleta kitu kizito siku ile: alileta wafu wake. Mchoraji hangeweza kuwajibu kwa kunakili kadi ya Krismasi.

Waliokuwa wateja wakubwa wa wachonga ngoma wetu katika miaka hiyo hawakuwa wamishonari bali makanisa yaliyojitenga nao. African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli mwaka 1942, lilitembea barabarani kwa bendera, kanzu nyeupe na ngoma. Makanisa ya Roho yalitaka misalaba iliyoshonwa vifuani. Wakati wamishonari wengi walikuwa wakiikemea ngoma kama kitu cha mashetani, hawa walikwenda kwa mchongaji yule yule wa kijijini wakamwagiza ngoma ya kumsifu Mungu. Naamini waliokoa ufundi huo kwa kizazi kizima.

Dhahabu ilileta ubao. Mwaka 1931 mzungu mmoja mkulima, L. A. Johnson, aliona dhahabu katika mito ya hapa, na muda si mrefu mamia ya wachimbaji wazungu walikuwa wamepiga hema. Serikali ilikuwa imeahidi kwa sheria ya 1930 kwamba ardhi ya wenyeji ni yao milele. Mwishoni mwa 1932 ikaibadilisha sheria hiyo ili ardhi ichukuliwe bila kulipwa ardhi nyingine. Wazee wetu hawakusahau, na mimi naiandika kwa sababu mji ambamo nimepata riziki ulipanuka juu ya ahadi iliyovunjwa. Mgodi wa Rosterman uliendelea hadi 1952. Kandokando yake yaliota maduka, mengi ya Wahindi, na duka linataka jina juu ya mlango. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanzia, ingawa mimi sikuwa nimezaliwa: mtu mwenye mkono uliotulia, kopo la rangi ya mafuta, ubao, na mwenye duka aliyesimama chini akisoma herufi moja moja. Waandishi wa mwanzo walijifunza maumbo ya herufi kwenye makopo na magunia ya bidhaa zenyewe. Mpaka leo kuna herufi S ninayoiandika ambayo mwalimu wangu aliiokota kwenye bati la mafuta ya taa.

Baada ya uhuru, Kakamega ikawa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Ofisi zikaongezeka, shule za harambee zikajengwa, viwanda vikaja. Cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973. Kila kimoja kilihitaji nembo, kibao, onyo, mshale.

Kabla sijafika kwenye karakana niliyolelewa, nataka kumzungumzia Gregory Maloba, maana sioni jina lake likitajwa hapa nyumbani kama linavyopaswa. Alizaliwa upande wa Mumias mwaka 1922. Alifika Makerere wakati Margaret Trowell alipokuwa akianzisha masomo ya sanaa, akawa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza, akaenda kusoma Uingereza, akarudi Makerere kufundisha uchongaji. Uganda ilipokaribia uhuru, yeye, Mkenya, mtoto wa huku kwetu, ndiye aliyepewa kazi ya kutengeneza mnara wa taifa lile.

Mtu yeyote aliyewahi kupokea oda ya serikali anajua kinachotarajiwa siku kama hiyo. Unatarajiwa uso wa kiongozi. Na Uganda ya 1962 ilikuwa na nyuso zaidi ya moja zilizostahili kuombwa: kulikuwa na waziri mkuu, kulikuwa na Kabaka, kulikuwa na falme nyingine zenye wivu wao. Maloba hakuchonga yeyote kati yao. Alitengeneza umbo refu la saruji: mzazi amesimama, mwili umezungushiwa mikanda kama vifungo vinavyolegea, naye amemwinua mtoto anayenyoosha mikono juu. Ukisimama chini yake katikati ya Kampala, huoni chama wala kabila.

Tazama kilichofuata. Mwaka 1966 jeshi la Obote lilivamia jumba la Kabaka. Mwaka 1971 Amin akapindua, mwaka 1979 naye akaondolewa. Picha za viongozi zilishushwa na kupandishwa katika ofisi za Uganda kwa miaka mingi. Mnara wa Maloba haukuguswa, kwa sababu hapakuwa na mtawala aliyeweza kusema kwamba ule ni uso wa adui yake. Noti za Uganda zilizotolewa mwaka 2010 zina umbo lake. Mteja alileta siku kubwa katika maisha ya watu wake, mchongaji akaipokea siku hiyo akakataa kuipunguza iwe mtu mmoja. Nikifundisha vijana, mfano wa kwanza ninaowapa wa jinsi ya kupokea oda ni huo.

Na sisi? Nairobi ilipotaka sanamu ya Mzee Kenyatta ya kuwekwa kwenye jumba la mikutano la KICC mwaka 1973, kazi alipewa Mwingereza, James Butler. Ni kazi nzuri, sitamnyima haki yake. Lakini wakati huo Maloba alikuwa ameshahamia Nairobi kufundisha usanifu chuo kikuu, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka pale. Bado linaniuma. Maloba alifariki mwaka 2007.

Karakana niliyolelewa ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja cha mabati chenye harufu ya tapentaini. Nilifika pale na alama nzuri za sanaa na ufundi, somo ambalo mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeliingiza shuleni tangu 1985, na nilidhani najua kuchora. Mwalimu wangu alinipa ufagio kwanza, kisha uzi wa chokaa wa kupigia mistari, kisha, baada ya muda mrefu, brashi. Alikuwa na daftari za shule za kurasa mia moja alizoandika kila oda: jina la mteja, maneno ya kuandikwa yakiwa yameandikwa na mteja kwa mkono wake mwenyewe, rangi, bei, arubuni, salio. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwake ugomvi pia ulikuwa mali ya kuandikiwa daftari. Mteja akija kudai kwamba jina lake limekosewa herufi, ukurasa unafunguliwa, anaonyeshwa mwandiko wake. Sijaona njia bora zaidi mpaka leo.

Arubuni ilikuwa nusu. Nusu hiyo ilinunua rangi na ubao, na sheria yake ilikuwa kwamba brashi hailowi kabla haijatolewa. Lakini alikuwa na sharti jingine alilolishikilia zaidi ya hilo: mteja lazima arudi mara moja katikati ya kazi. Ubao ukiwa na penseli tu, au uso ukiwa na kivuli tu, alimtumia mtu kumwita. Wengine walikasirika, wakasema wao wamelipa na hawana muda. Aliwangoja. Kazi ilisimama ukutani, imefunikwa gunia, mpaka mwenyewe aje aseme neno. Miaka mingi baadaye, nikikumbuka maneno ya kuka kuhusu kuwamba ngoma, niliona kwamba mwalimu wangu, ambaye hakuwa mtu wa ngoma hata kidogo, alikuwa anafanya jambo lile lile. Alimtaka mteja ashike upande wake wa ngozi.

Kazi iliyofunza mengi kuliko zote ilikuwa picha za marehemu. Magharibi ya Kenya tunazika kwa uzito. Watu hutoka Mombasa na Nairobi, mahema hupigwa, isukuti huvuma, na mzee aliyekuwa na fahali wake hufanyiwa shilembe, desturi ya kumuaga. Kabla picha za kukuzwa kwa mashine hazijawa rahisi, familia ilitaka uso wa marehemu uwe mkubwa, wa kuwekwa juu ya meza kando ya jeneza na baadaye sebuleni. Na mara nyingi picha pekee iliyokuwepo ilikuwa ile ya kitambulisho, ndogo, macho yametoka, mdomo umekazwa, mtu amesimama mbele ya kamera ya serikali kama aliyekamatwa.

Tulipiga miraba ya penseli juu ya karatasi nyembamba iliyofunika picha ile, tukapiga miraba mikubwa kwenye hadibodi, tukahamisha uso mraba kwa mraba. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Ngumu ilikuwa pale mjane anaposema, "Fundi, huyu si yeye. Yeye alikuwa anacheka." Au mtoto mkubwa anaposema, "Mvalishe suti." Mzee hakuwa na suti maisha yake yote. Mwalimu wangu alikuwa na mipaka yake. Suti alivalisha, kwa sababu nguo ni heshima na familia ina haki ya kumvisha mtu wao. Kovu alilibakisha, isipokuwa mke mwenyewe aombe liondolewe. Ngozi hakuipausha kamwe, hata aliyelipa akisisitiza. Na kuhusu kucheka alifanya kitu ambacho sijakiona kwa mwingine: alimwambia mjane aketi, aeleze ni kitu gani kilichokuwa kinamchekesha marehemu. Mama anaanza kwa machozi, anaishia anacheka yeye mwenyewe, na wakati huo mwalimu anatazama. Mume na mke walioishi miaka arobaini pamoja, alisema, hujifunza kuchekea upande mmoja wa mdomo. Sina ushahidi wa daktari kwa hilo, lakini niliona jinsi familia zilivyozipokea picha zile.

Hapo mteja alileta alichokuwa nacho: picha ya kitambulisho na habari. Ukimnyima nafasi ya kuieleza, unabaki na ile ya kitambulisho.

Miaka ya 2000 ilikuja na mteja wa mbali. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutumika, na kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa njano ubavuni pamoja na jina la njia yake. Wenzetu wa Nairobi waliokuwa wakichora wanamuziki na simba kwenye mabasi walipoteza kazi. Sisi wa huku, ambao matatu zetu zilikuwa za kawaida, tulipata msimu wa mavuno, Kakamega–Kisumu, Kakamega–Mumias, Kakamega–Webuye, mstari baada ya mstari, kila moja sawa na mwenzake. Tulikula vizuri na hatukujifunza kitu. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa, na vibanda vikaanza kugeuka kijani. Kampuni ilileta rangi yake, vipimo vyake na karatasi ya kuonyesha kila herufi ikae wapi. Mwenye duka, ambaye zamani alisimama chini akisoma jina lake likitokea, alipewa ukanda mdogo chini ya nembo. Mara nyingi hata hakujua tunakuja siku gani. Yeye ndiye mwenye ukuta, lakini mteja hakuwa yeye.

Kisha mashine za kuchapa mabango zikafika mjini. Wagombea wa uchaguzi waliokuwa wakitulaza macho wazi kwa wiki kadhaa sasa wanachapisha nyuso zao kwa saa moja. Sizichukii mashine hizo. Zinafanya vizuri kazi ambayo haikutaka mkono tangu mwanzo. Zilichotuachia ni shule, makanisa, makaburi, na watu wachache wanaotaka kitu kimoja kisicho na mwenzake. Shule ndizo zilizonibeba: ramani ya Afrika ukutani, moyo wa binadamu wenye mishale, kauli mbiu juu ya lango.

Agosti 2024, Eldoret ilipokuwa inajiandaa kukabidhiwa hati ya kuwa jiji, sanamu za wanariadha zilisimamishwa mjini. Watu walizipiga picha, wakazicheka nchi nzima, nazo zikaondolewa haraka. Sikucheka. Wanariadha wale wangali hai, nyuso zao zinajulikana Tokyo na Paris, wanafanya mazoezi kilomita chache kutoka pale. Sanamu ya mtu aliye hai inataka aketi, aguswe bega, atembee mbele ya mchongaji. Nilichokiona kwenye picha zile ni kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya sherehe, na aibu yote ikamwangukia aliyeshika mwiko wa saruji. Nchi iliyomtoa Maloba inaweza kuwapa wachongaji wake muda.

Sasa arubuni hunifikia kwa simu kabla sijamwona mteja, na pamoja nayo huja picha. Siku hizi mara nyingi ni picha iliyotungwa na programu ya kompyuta, imekamilika, inang'aa, mtoto ana vidole sita na mlima wa nyuma haufanani na chochote cha hapa. Mteja anaomba niinakili ukutani. Namjibu kwamba picha nimeiona, sasa aje aniambie alikuwa anatafuta nini alipoiagiza hiyo. Wanaokuja ndio ninaofanya nao kazi.

Na kuna sheria, ambayo wachoraji wengi wa huku hawajawahi kuisoma. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Kifungu kinachofuata kinamwachia msanii haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake, na ya kupinga isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Maana yake ni kwamba ukipokea arubuni ukanyamaza, umeshatoa mchoro wenyewe na kila nakala yake. Mwenye ngoma wa zamani alichukua ngoma zake tatu, na haki yake ilikuwa kamili, lakini hakumzuia mchongaji kumchongea jirani nyingine za umbo lile lile.

Kwa hiyo nimeongeza mstari kwenye risiti zangu: mchoro unabaki wa mchoraji, mteja ana ukuta na matumizi yake. Mwezi uliopita mkuu wa shule moja upande wa Shinyalu aliusoma, akavua miwani, akaniuliza, "Fundi, ukuta wangu, rangi nimenunua mimi, na mchoro uwe wako?" Tulizungumza mpaka chai ikaisha. Tukakubaliana kwamba nembo ni ya shule, maana ndege aliye juu yake alichaguliwa na wanafunzi wa kwanza na wana sababu yao. Picha ya msitu iliyo kwenye ukuta wa bwalo ni yangu, naweza kuirudia kwingine, ila si katika shule yoyote ya jirani kwa miaka mitano. Jina langu litaandikwa chini kulia, kimo cha kidole. Naye akaongeza sharti lake kwa kalamu nyekundu: nitakuja mara moja kabla sijapaka rangi, wanafunzi wa darasa la mwisho wautazame mchoro ukiwa wa penseli, waseme mti upi umekosekana. Niliweka sahihi bila kusita.